Wezi wa Simu: Tuambiane au Tunyamaze?

Leo tuanze na mfano. Ni siku ya soko Kiritiri. Mchuuzi amekuja na lori kununua ndengu za kikundi cha akina mama wa Gachoka. Magunia yamepimwa, yamepakiwa, na simu ya mweka hazina inalia: meseji imeingia, ati pesa zimetumwa. Lori linaondoka. Jioni mama anaenda kwa ajenti kutoa pesa awagawie wenzake, na anaambiwa hakuna kitu. Akiitazama ile meseji vizuri anaona kwamba ilitoka kwenye namba ya mtu tu. Haikutoka kwa M-Pesa.

Mfano huu tumeutunga, lakini ujanja wenyewe ni wa kweli na unajulikana kote nchini. Swali letu leo haliko kwa mwizi. Liko kwa kile kikundi. Je, wanawake hao wawaambie vikundi vingine yaliyowapata, au wanyamaze?

Wengi hunyamaza, na tukisema kweli wana sababu. Wanachama wakisikia pesa zimeibwa, wengine watataka hisa zao siku hiyo hiyo. Majirani watacheka. Mweka hazina ataitwa mjinga, au mbaya zaidi, ataambiwa alikula njama na mchuuzi. Kwa hiyo mambo yanamalizwa ndani, chini kwa chini, na wiki inayofuata lori lile lile linaegeshwa Siakago.

Wafugaji wa huku wanalijua jambo hili vizuri. Ng'ombe akianza kutoka mate na kuchechemea, mwenye boma anajua kwamba akimwita daktari wa mifugo, karantini inaweza kuwekwa na soko kufungwa. Basi anamficha. Ugonjwa wa miguu na midomo haumjali mwenye kuficha. Unavuka ua, na mwishowe soko linafungwa kwa wote, yeye akiwemo.

Hata mashirika makubwa yana tabia hiyo hiyo. Benki haipendi kutangaza kwamba kompyuta zake zimeingiliwa. Ndiyo maana serikali haikuwaachia wenyewe waamue. Mwaka 2017 Benki Kuu ya Kenya iliziagiza benki zitoe habari kwake ndani ya saa 24 zikipatwa na shambulio kubwa la kompyuta. Sheria ya mwaka 2018 juu ya makosa ya kompyuta nayo ikaweka saa 24 hizo hizo kwa mwenye mtambo ulioshambuliwa, apeleke habari kwenye kamati ya taifa inayoshughulikia mambo haya. Halafu ikaja Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Hiyo inasema kwamba habari za watu ulizotunza zikiingiliwa na mtu asiyeruhusiwa, na kuna hatari ya kweli ya watu hao kudhurika, una saa 72 kumjulisha Kamishna wa Data.

Kwa nini haraka yote hii? Tazameni yaliyotokea Marekani Novemba 1988. Programu moja iliyotungwa na mwanafunzi wa chuo kikuu ilianza kujizalisha yenyewe na kuenea kutoka kompyuta hadi kompyuta, na kwa siku moja maelfu yalikuwa yamelemewa. Wataalamu wa vyuo viwili vitatu walipata dawa mapema. Lakini wenzao wengi, kwa hofu, walikuwa wamekata mawasiliano ya mashine zao, na ile barua ya kuwaeleza dawa ilipita kwenye mawasiliano hayo hayo waliyoyakata! Dawa ipo, mgonjwa yupo, njia hakuna. Baada ya hapo ndipo kikaanzishwa kituo cha kwanza cha kupokea na kusambaza habari za namna hiyo, katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon. Leo nchi nyingi zina kituo kama hicho. Chetu kiko chini ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya.

Haya, msomaji atasema, basi jambo ni rahisi: tutangaze kila kitu. Hapana. Hapo ndipo pagumu.

Yule mama alitumiwa meseji na namba fulani. Ukijifanya unaitumia hiyo namba pesa, M-Pesa inakuonyesha jina la mwenye laini. Tuseme jina limetokea. Kijana mmoja wa kikundi analitia kwenye WhatsApp na maneno “MWIZI HUYU HAPA”. Kwa saa moja vikundi ishirini vimeliona. Lakini laini hiyo iliandikishwa na nani? Wezi wa namna hii hawatumii vitambulisho vyao. Wanatumia laini zilizoandikishwa kwa kitambulisho cha nyanya fulani ambaye aliletewa laini ya bure sokoni, akatoa kitambulisho chake, akapigwa picha, akaenda nyumbani. Yeye hajui kitu. Sasa jina lake linatembea. Sisi sote tunajua katika nchi hii neno “mwizi” likipigiwa kelele barabarani linaishia wapi. Na hata kama hakuna aliyeguswa, mwenye jina anaweza kukupeleka kortini kwa kumharibia jina.

Kwa njia, wewe mwenyewe jiangalie. Kwa laini ya Safaricom piga *106# uone ni laini ngapi zimeandikishwa kwa kitambulisho chako. Wazee wasaidiwe na wajukuu katika hili.

Kuna na hasara nyingine ya kutangaza ovyo. Mtu anapiga picha ya meseji zake ili kuonyesha wengine ujanja, na katika picha hiyo kuna jina lake, namba yake na salio la kikundi lote. Amemwonyesha mwizi wa pili mlango ulipo. Tena ni nani anajua kila mtu aliyemo katika kundi la WhatsApp la watu mia mbili? Mwizi pia anaweza kuwa humo, anasoma polepole, anajua ujanja gani umeshagunduliwa ili abadilishe. Na maonyo yakizidi, kila siku uvumi mpya, watu wanachoka. Siku onyo la kweli linapokuja hakuna anayelifungua.

Mimi naona mizani inakaa hivi. Tenganisheni ujanja na watu. Ujanja uambiwe wote, tena upesi, tena bila haya: “Mnunuzi wa ndengu anaonyesha meseji ya uongo. Msiachilie mzigo mpaka muangalie salio wenyewe.” Maneno hayo hayamtaji mtu, hayamvunjii mtu heshima, na yanafaa hata mwaka ujao. Namba ya mwizi yenyewe haidumu. Kesho ametupa laini na kuchukua nyingine. Kwa hiyo namba na jina havina faida kubwa kwa jirani yako, lakini vina faida kwa polisi na kwa kampuni ya simu, na huko ndiko vipelekwe. Kwa Safaricom, meseji ya utapeli hupelekwa namba 333, bila malipo. Ukituma pesa kwa namba isiyo sahihi, ile meseji ya M-Pesa uipeleke 456 mara moja, kabla pesa hazijatolewa. Na kama mtu anakupigia ati ni Safaricom na namba si 0722 000 000, kata simu.

Mashirika ya kompyuta duniani yana desturi nzuri ambayo hata kikundi cha watu kumi na tano kinaweza kuifuata. Wanatumia rangi za taa za barabarani. Habari ikipewa nyekundu, haitoki nje ya walioisikia. Manjano, inaruhusiwa kufika kwa wale wa shirika wanaohitaji kuijua. Kijani, unaweza kuwaambia majirani katika kazi hiyo lakini usiitangaze hadharani. Na ya nne haina zuio, kila mtu aambiwe. Kwa kikundi chetu cha ndengu, jina lililotokea kwenye simu ni nyekundu: mwenyekiti, mweka hazina na polisi, basi. Kiasi kilichopotea ni manjano, wanachama wote wana haki ya kujua kwa sababu ni jasho lao. Sura ya mchuuzi na lori lake ni kijani, vikundi jirani vinavyouza nafaka waelezwe uso kwa uso. Ujanja wa meseji hauna zuio, hata kwenye baraza la chifu usemwe.

Najua kuna watakaosema mwenyekiti hawezi kumficha mwanachama jina la mwizi. Ni kweli italeta maneno. Lakini ni afadhali maneno katika mkutano kuliko kwenda kuomba msamaha nyumbani kwa nyanya wa watu.

Limebaki la mweka hazina. Vikundi vinavyomfukuza mara tu anapodanganywa vinafundisha wote waliobaki kuficha. Kama hakuiba, asimame yeye mwenyewe aeleze ilivyokuwa, hatua kwa hatua, na katibu aandike: siku, saa, meseji ilisemaje, nani alipiga simu, na taarifa ilipelekwa wapi. Karatasi hiyo ndiyo polisi wataiuliza. Nayo itunzwe na katibu, kwa sababu simu inayowindwa ni ile ya mweka hazina.