Kwenda Kwihara kwa miguu na watoto: jua, maji na dalili za hatari

Ukitoka Tabora mjini kuelekea kusini-magharibi, kama kilomita 6 hivi, unafika Kwihara, kwenye tembe ambalo leo ni makumbusho. Mwaka 1872 Livingstone alikaa hapo miezi kadhaa akisubiri wapagazi na mizigo kutoka pwani. Njia haina mlima wala mto wa kuvuka. Ni tambarare, ina mchanga na miembe, na mtoto wa miaka sita au saba anaweza kuitembea. Ndiyo maana familia nyingi, shule na vikundi vya kanisani na msikitini huichagua kwa matembezi ya siku ya mapumziko.

Urahisi wa njia ndio unaotudanganya. Mama anayejua kwamba safari ni ngumu hujiandaa. Anayeambiwa "ni hapo tu" hubeba chupa moja ya maji kwa watoto watatu na kutoka nyumbani saa nne, jua likiwa tayari limepanda. Kati ya Agosti na Oktoba, kabla ya mvua za kwanza, hilo ni kosa linaloweza kumgharimu mtoto.

Kwa nini mtoto huzidiwa kabla yako

Kiangazi hewa ya Tabora ni kavu. Jasho hukauka kabla hujaliona, kwa hiyo unaweza kumshika mwanao ukakuta ngozi haijalowa na ukadhani hatoki jasho. Anatoka, ila linapotea hewani. Mwili wake mdogo pia hupokea joto haraka kuliko wako, na yuko karibu zaidi na mchanga unaorudisha joto la jua. Zaidi ya hayo, mtoto anayecheza hakumbuki kiu. Atakimbia, atapanda mwembe, atarusha mawe, halafu ghafla atakaa chini na kusema amechoka. Wakati huo maji mwilini yameshapungua.

Usisubiri aombe. Mtoto wa miaka miwili hadi mitano mpe mafunda kadhaa kila baada ya dakika 15 hadi 20. Mwenye miaka tisa au kumi anahitaji nusu kikombe hadi kikombe kizima katika muda huohuo. Kwa matembezi ya saa mbili, beba angalau lita moja kwa kila mtoto na lita mbili kwako, hasa kama unanyonyesha. Ndiyo, ni mzigo. Gawanya kwenye chupa ndogo, kila anayeweza kubeba abebe yake. Yawe yamechemshwa au kutibiwa. Usitegemee kisima utakachokikuta njiani.

Soda haikati kiu ya safari. Matobolwa ni matamu na hayaharibiki, lakini ni makavu, kwa hiyo yatoe mkiwa mmekaa kivulini na maji yapo. Machungwa, ndizi na matango ni bora zaidi wakati wa kutembea. Na kwa kuwa hapa ni nchi ya asali na mtu anaweza kukuuzia njiani: mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asilambishwe asali hata kidogo, kwa sababu inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo lake bado haliwezi kuvishinda.

Waliopita hapa zamani walitembea saa ngapi

Njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ilipita Tabora, na Wanyamwezi walikuwa ndio wapagazi wake wakubwa. Katika misafara hiyo walikuwamo wanawake pia, wengine wakiwa na watoto mgongoni. Kwa kawaida walianza kutembea kabla jua halijachomoza na kupiga kambi kabla ya jua kali la mchana. Kulikuwa na sehemu moja waliyoiogopa, kati ya Ugogo na Unyanyembe, iliyoitwa Mgunda Mkali, kwa sababu maji yalikuwa mbali mno. Kwenye sehemu kama hiyo walibadili utaratibu: waliondoka jua likiwa limegeuka, wakalala njiani bila maji, wakayafikia asubuhi iliyofuata. Watu wazima, wenye nguvu, waliozoea njia, walipanga mwendo wao kwa kufuata jua na maji. Sisi wenye watoto tuna sababu kubwa zaidi ya kufanya hivyo.

Kwa hiyo ondokeni saa 12 asubuhi. Mtu mzima peke yake hufika Kwihara kwa saa moja na nusu hivi. Ukiwa na watoto, hesabu saa mbili na nusu pamoja na mapumziko. Saa tatu kasorobo mko kivulini. Sasa kurudi. Hapa ndipo wengi hukosea, maana watoto wamechoka na jua limewaka. Ushauri wetu ni mfupi: msirudi kwa miguu. Weka kando nauli ya bajaji kabla hujatoka nyumbani. Kama nauli hakuna, kaeni kwenye kivuli cha miembe hadi saa kumi na moja ndipo mrudi taratibu, mkiwa na maji ya kutosha. Kati ya saa tano asubuhi na saa kumi alasiri mtoto hana kazi barabarani.

Kofia yenye ukingo mpana, nguo nyepesi ya mikono mirefu, na raba au viatu vya kufunika vidole. Kandambili humwacha mtoto akanyage miiba na mchanga wa moto. Mkiingia porini zaidi, epuka nguo za bluu iliyokolea na nyeusi, zinawavutia mbung'o. Na mizinga iliyotundikwa mitini isirushiwe mawe. Waambie watoto kabla ya safari, maana nyuki wakishachokozwa hakuna muda wa maelezo.

Kama safari yenu ni ya mbali zaidi, tuseme shule imepanga kwenda Isimila karibu na Iringa, kwenye korongo lililochongwa na mvua likaacha nguzo ndefu za udongo na mchanga, kanuni ni hizohizo ila kali zaidi. Njia ndani ya korongo ni fupi na rahisi, lakini kuta hurudisha joto na upepo ni haba. Muulize mwalimu watafika saa ngapi na nani anabeba maji.

Mtoto wa mgongoni

Mtoto aliye chini ya miezi sita hahitaji maji hata kwenye joto. Maziwa ya mama karibu yote ni maji, yanamtosha akinyonya mara nyingi zaidi. Anayehitaji maji ni wewe. Kila mkipumzika, kunywa kwanza, kisha nyonyesha.

Mgongoni anapata joto la jua na joto la mwili wako. Usimfunike kichwa kwa kanga iliyobana wala blanketi, hata kama wakubwa njiani watakuambia mtoto ataungua. Mwavuli ni bora zaidi, kwa sababu unaleta kivuli na kuruhusu hewa. Kila nusu saa mshushe, mfungue, mguse kifua na shingo. Akiwa wa moto kuliko kawaida, amelegea au hataki kunyonya, matembezi yameishia hapo.

Amechoka au amezidiwa?

Mtoto aliyechoka tu hukaa kivulini, hunywa, na baada ya robo saa anaanza tena kuuliza maswali. Mtoto anayepungukiwa maji mdomo umekauka, analia bila machozi, macho yamebonyea, mkojo ni wa njano iliyokolea au hakuna kabisa. Kwa mtoto mchanga tazama utosi: ukibonyea ni dalili mbaya. Ukifinya kidogo ngozi ya tumbo na kuiachia, ikarudi polepole, ni dalili mbaya pia.

Hapo ndipo pakiti ya ORS inapokusaidia. Ibebe siku zote, haina uzito. Pakiti ya lita moja ichanganye na lita moja kamili ya maji safi, umpe kidogokidogo, kijiko kwa kijiko akiwa anatapika. Iliyobaki baada ya saa 24 mwaga. Kama huna pakiti, weka vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, katika lita moja ya maji. Onja kwanza. Ikiwa na chumvi kuliko machozi, mwaga uanze upya, kwa sababu chumvi nyingi inamdhuru. Mtoto asiyekojoa kwa saa sita, au anayetapika kila anachokunywa, apelekwe kituo cha afya.

Hatari kubwa zaidi ni mwili kushindwa kabisa kujipoza. Mtoto anakuwa wa moto sana, anaongea visivyoeleweka au anayumba, anatapika, anapata degedege au kuzimia. Ngozi inaweza kuwa kavu au imelowa jasho, usidanganyike na hilo. Usimkimbize kwanza. Mpeleke kivulini, mvue nguo, mmwagie maji mwili mzima, mpepee kwa kanga, weka vitambaa vya maji shingoni, kwapani na kwenye kinena. Tumia maji ya kunywa kama hakuna mengine. Mwenzako atafute usafiri wakati wewe unaendelea kupoza, na endeleeni kumpoza mkiwa njiani kwenda kituo cha karibu au Hospitali ya Kitete mjini. Aliyezimia au mwenye degedege asinyweshwe chochote. Mlaze kwa ubavu. Panado haishushi joto la aina hii, na kuitafuta kunakupotezea dakika.

Akipata homa jioni

Mmerudi nyumbani, mtoto ni wa moto. Jirani atasema ni jua tu. Inawezekana. Lakini Tabora ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini, na malaria haisubiri siku ambayo mtoto hakutembea. Mpumzishe mahali pa baridi, mpe maji au ORS, mpanguse mwili. Homa iliyotokana na matembezi peke yake inapaswa kupungua ndani ya nusu saa hadi saa moja. Isipopungua, au ikipungua na kurudi, mpeleke akapimwe siku hiyohiyo. Kipimo cha haraka huchukua tone la damu kidoleni na majibu hutoka kwa dakika kama 20. Usimpe dawa ya malaria iliyobaki kabatini kabla hajapimwa, na ukifika mwambie mhudumu vyote viwili: kwamba mtoto ana homa, na kwamba leo ametembea juani, kwa saa ngapi, amekunywa kiasi gani, na mara ya mwisho alikojoa lini.