Mti Wenye Jina Gumu

Malori hupanga foleni Tunduma usiku na mchana. Yapo yanayoshusha shaba ya Zambia na Kongo kuelekea bandari ya Dar es Salaam, yapo yanayopandisha mafuta na mbolea. Mtoto wa mji huu hujua kubadilisha kwacha kwa shilingi kabla hajasoma vizuri, na huweza kukwambia lori limetoka wapi kwa kutazama tu namba zake. Ni elimu, wala siidharau. Lakini kila nikifika pale barabara inapochepuka kulia, kabla ya mpaka, kuifuata njia ya Ikana na Laela hadi Sumbawanga, humkumbuka mtu mmoja wa upande ule ambaye ningependa kila mtoto wa Tunduma amjue.

Anaitwa John Kilaka. Alizaliwa mwaka 1966 huko Sumbawanga, mkoa wa Rukwa. Ni mchoraji, ni mwandishi wa vitabu vya picha vya watoto, na juu ya yote ni msimulizi anayesimama mbele ya watu akaigiza wanyama wake mmoja mmoja. Kwa ramani za leo si mtu wa Songwe, mkoa wa Tunduma. Ila mkoa huu wenyewe ulizaliwa mwaka 2016 tu, ulipomegwa kutoka Mbeya, na hadithi za huku hazijawahi kuulizwa hati ya kusafiria. Wafipa wa Sumbawanga, Wanyamwanga wa Momba na Wanyiha wa Mbozi wameoana na kuuziana mahindi tangu zamani. Sungura wao ni yule yule, na Fisi wao ana uroho ule ule.

Kilaka aliingia kwenye sanaa ya Tingatinga jijini Dar es Salaam mwaka 1987. Mwanzilishi wa uchoraji huo, Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa upande wa Tunduru, alikuwa amekwisha kufariki, maana aliuawa kwa risasi mwaka 1972. Alikuwa ameanza miaka michache tu nyuma, mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa kupaka rangi za mafuta, zile zing'aazo za milango na baiskeli, juu ya vipande vya ubao mwembamba wa dari. Wanafunzi wake waliendelea kuchora chui, ndege na tembo na kuwauzia watalii. Kilaka aliwachukua wanyama hao akawapa kazi ya kufanya. Katika vitabu vyake wanasimama kwa miguu miwili, wanavaa nguo za maua na mistari, wanakwenda sokoni, wanagombana na kupatana. Kwa macho yangu, hilo ndilo jambo kubwa alilolifanya: picha iliyokuwa imetulia ukutani akaifanya iwe na kesho yake.

Kitabu chake cha kwanza kilitoka kwa Kijerumani mwaka 2001, kwa jina Frische Fische, yaani Samaki Wabichi, chini ya mradi wa Baobab wa Uswisi, ambao hutafuta vitabu vya watoto kutoka nje ya Ulaya. Baadaye kilitafsiriwa kwa Kiingereza na kuchapishwa Kanada. Sokwe amevua samaki wake, anawapeleka sokoni, naye Mbwa anashindwa kuutawala mdomo. Mwizi anafikishwa mbele ya baraza la wanyama. Hukumu yake ni kupanda miti. Aliyewahi kukaa chini ya mti kijijini akasikiliza wazee wakiamua shauri ataijua hukumu hiyo mara moja. Mkosaji hafukuzwi. Anapewa jembe, na kijiji kizima kinapata kivuli.

Kitabu kingine, cha urafiki wa Panya na Tembo, kilimpatia tuzo ya New Horizons kwenye maonyesho ya vitabu vya watoto ya Bologna, Italia. Panya ana busara, anajua kuwasha moto, na ameweka akiba ya chakula. Ukame unapokuja, Tembo anamshawishi kwa maneno matamu amwachie akiba hiyo, kisha anamnyima, na urafiki unavunjika. Kwa mtoto wa Momba hakuna haja ya kueleza kihenge ni nini, au kwa nini mwenye ghala kubwa si lazima awe mwenye haki.

Kuna watu wanaodhani mwandishi wa watoto ni mtu wa kujifungia chumbani na kalamu. Kazi ya Kilaka huanza kwa kufunga safari. Huenda vijijini, akakaa na wasimulizi, akasikiliza. Ndipo huchora na kuandika. Ukivisoma vitabu vyake kwa sauti utayasikia masikio hayo: wanyama wanaingia kwa zamu, jambo linarudiwa mpaka msikilizaji mdogo anaanza kulisema kabla yako. Huo ni mwendo wa masimulizi ya jikoni, ambako msimulizi hawezi kuendelea bila kuitikiwa.

Nami nililelewa na mwendo huo. Bibi yangu mzaa baba alikuwa Mnyiha wa Mbozi, na msimu wa kahawa jioni zilikuwa ndefu. Mchana hakukubali kabisa kusimulia. Alituambia tutaota pembe. Giza likiingia, mkono mmoja ukichochea kuni, alianza. Kati ya hadithi zake zote niliyoipenda zaidi ni ya mti wenye matunda yasiyoanguka mpaka mti uitwe jina lake. Nchi ina njaa. Wanyama wanatuma mjumbe kwa mwenye kulijua jina. Mjumbe anapewa jina, anarudi akilitamka njia nzima, anajikwaa, jina linamtoka. Anatumwa mwingine, na mwingine.

Miaka mingi baadaye nilikutana na mti huo katika kitabu cha Kilaka kilichotoka mwaka 2009. Kwake anayelijua jina ni Kobe. Wakubwa wanakataa Sungura asitumwe kwa sababu ni mdogo, wao wenyewe wanakwenda, wanarudi mikono mitupu, na mwisho ni Sungura huyo huyo anayelifikisha jina na matunda yakaanguka. Hadithi hii husimuliwa na jamii nyingi za Kibantu, kila moja kwa mti wake na jina lake. Jina la mti wa Kilaka sitaliandika hapa. Mtoto alitafute kitabuni, alitamke mwenyewe.

Linaloniuma ni njia ambayo hadithi hii ilipita. Ilitoka vijijini kwetu, ikaenda Ulaya, ikavaa Kijerumani, ndipo ikanifikia mimi niliyekulia humo humo ilimozaliwa. Simlaumu Kilaka hata kidogo. Bila yeye pengine isingeandikwa. Nyumbani nako kumefanyika kazi: Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanzishwa mwaka 1991, umefikisha vitabu vya Kiswahili katika shule nyingi, na Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023, baadaye iliongeza kipengele cha hadithi za watoto. Lakini tuzo hupokea kilichokwisha kuandikwa. Kwenda kuketi na wazee ni kazi nyingine, na haina foleni.

Nalisema hili kwa uchungu, kwa kuwa jina la mti wa bibi yangu nimelisahau. Nakumbuka lilikuwa refu, na kwamba alilitamka kwa kuliimba. Nimemuuliza baba, naye anakumbuka wimbo bila maneno. Dada zangu kila mmoja alinitajia jina lake, na hayafanani. Amebaki shangazi, aliyeolewa Ileje, aliyekaa na bibi kuliko sisi sote. Simu yake husikika kwa shida, na mambo kama haya hayaulizwi kwa simu. Nimeshanunua daftari. Jumamosi nakwenda, na nimemwambia nitafika jioni, giza likishaingia.