Kabidi za Metali na Haidrojeni: Kinachoweza Kupunguza Platinamu

Ardhi inayozunguka Kisiba, ziwa la kreta ambalo pia hujulikana kwa jina la Masoko, ni ya volkano, na joto lililobaki chini yake ndilo linaloifanya Kampuni ya Uendelezaji Jotoardhi Tanzania itafute nishati katika maeneo ya Ngozi na Kiejo-Mbaka, wilayani Rungwe. Miamba migumu ya namna hiyo huchorongwa kwa vichwa vyenye meno ya kabidi ya tangsteni, yaani muungano wa metali ya tangsteni na kaboni. Dutu hiyohiyo inayosifiwa kwa ugumu wake inachunguzwa pia kwa kazi nyingine kabisa, ambayo ni kuzalisha umeme ndani ya seli za haidrojeni.

Seli ya haidrojeni huunganisha haidrojeni na oksijeni bila kuwasha moto, na mabaki yake ni maji na joto. Katika ncha iitwayo anodi, haidrojeni hugawanywa kuwa protoni, ambazo hupenya utando, na elektroni, ambazo hulazimika kuzunguka kupitia waya na hivyo kuwa umeme. Katika ncha ya pili, yaani kathodi, zote hukutana na oksijeni. Seli za aina hii hufanya kazi kwenye joto la takriban nyuzi 80 za Selsiasi, ambalo halitoshi kuuendesha mmenyuko kwa kasi, kwa hiyo huhitaji kichocheo, yaani dutu inayoharakisha mmenyuko bila yenyewe kutumika. Kichocheo kinachotegemewa ni platinamu, metali adimu na ghali ambayo sehemu yake kubwa duniani huchimbwa Afrika Kusini.

Mwaka 1973, watafiti Levy na Boudart walionyesha katika jarida la Science kwamba kabidi ya tangsteni huwa na tabia zinazofanana na za platinamu. Tangsteni tupu huishika haidrojeni kwa nguvu mno na kuchelewa kuiachia, lakini kaboni inapoingia kati ya atomu zake hubadilisha mpangilio wa elektroni, na mshiko huo hulegea. Kufanana huko, hata hivyo, si kulingana: kasi ya kabidi bado iko chini ya ile ya platinamu, joto kali linalotumika kuitengeneza hugandamanisha chembe zake na kuacha masizi ya kaboni yanayofunika uso, na kwenye kathodi, penye asidi na oksijeni, kabidi huoksidika na kuharibika.

Kwa sababu hiyo, njia yenye matumaini zaidi ni kuipunguza platinamu badala ya kuifukuza. Mwaka 2016 watafiti wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts (MIT), akiwemo Yuriy Román-Leshkov, walieleza namna ya kufunika chembe za kabidi ya titani na tangsteni kwa tabaka la metali adhimu, kama platinamu, lenye unene wa atomu chache tu. Katika chembe ya kawaida ya platinamu, atomu za ndani hazigusi kamwe gesi, na huo ni upotevu wa mali. Kabidi huchukua nafasi yao.

Malighafi si ngeni kwa Afrika Mashariki. Tangsteni huchimbwa Nyakabingo nchini Rwanda, na kilima cha Panda, jirani na jiji la Mbeya, kina niobi, metali ambayo kabidi yake nayo imejaribiwa kama kibebeo cha platinamu. Bado safari ya kutoka mawe hadi unga safi wa kichocheo ni ya maabara zaidi kuliko ya mgodi.

Kwa Rungwe, huenda matumizi ya kwanza ya kabidi kama kichocheo yasiwe ndani ya seli. Umeme wa jotoardhi, utakapopatikana, unaweza kuyagawanya maji ili kupata haidrojeni, na kwenye kathodi ya chombo cha kazi hiyo, ambako haidrojeni hutoka, kabidi za tangsteni na za metali ya molibdeni hazikabiliwi na uoksidishaji unaoziangamiza kwenye kathodi ya seli.