Mbwa, Paka na Mali Iliyoletwa na Mawimbi

Merikebu ikivunjika mwambani, na mawimbi yakaleta ufuoni mapipa, mbao na majora ya nguo, mali hiyo ni ya nani? Kwa Waingereza wa kale jibu lilikuwa fupi: ni ya Mfalme, au ya bwana wa pwani aliyepewa haki hiyo na Mfalme. Tajiri aliyepoteza chombo chake alipoteza na shehena pia.

Mwaka 1275, katika enzi ya Mfalme Edward wa Kwanza, ilitungwa sheria huko Westminster ya kupunguza ukali huo. Ilisema kwamba iwapo mtu, mbwa au paka ameokoka hai kutoka chomboni, mali isihesabiwe kuwa ya Mfalme, bali iwekwe na maofisa wake kwa mwaka mmoja na siku moja, ili mwenyewe aje kuidai. Msomaji asicheke kuona paka ametajwa katika sheria ya nchi. Paka wa merikebuni alikuwa na kazi yake ya kuwinda panya. Lakini na aitazame hatari iliyokuwamo: mtu wa pwani mwenye tamaa, akimwona baharia anajikokota kutoka majini, alikuwa na sababu ya kutamani asifike hai.

Mali iliyokuwa ingali baharini ilikuwa na majina yake, nayo yalielezwa katika kesi ya Sir Henry Constable, mwaka 1601. Flotsamu ni mali ielayo baada ya chombo kuzama. Jetsamu ni ile waliyoitosa mabaharia wenyewe ili kupunguza uzito. Lagani ni mali nzito iliyozama ikiwa imefungiwa boya, ili ipate kuonekana tena.

Habari ya paka ilikwisha mwaka 1771, katika kesi ya Hamilton na Davis. Jaji Mkuu, Lord Mansfield, alikataa kwamba mtu hupoteza mali yake kwa kuwa tu hakuna mnyama aliyeokoka. Kilichotakiwa ni ushahidi wa kumtambulisha mwenye mali, na mbwa mfu aliyetupwa ufuoni ni ushahidi sawasawa na mbwa hai. Hukumu hiyo naiona kuwa ya haki kuliko sheria yenyewe.

Januari 2007, merikebu MSC Napoli ilipokwama karibu na Branscombe, katika jimbo la Devon, makontena yalisukumwa ufuoni na watu wengi wakaja kujichukulia vitu, hata pikipiki. Walidhani kwamba cha bahari ni cha aokotaye. Kumbe sheria ya mwaka 1995 yamtaka mwokotaji atoe habari kwa ofisa wa Serikali katika siku 28, na mwenye mali hupewa mwaka mmoja wa kuidai. Ile siku moja ya ziada imekwisha ondolewa.