Kompyuta Inayohama Ikiwa Kazini

Alfajiri ya Jumapili, 3 Desemba 2023, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka baada ya mvua kubwa. Tope, mawe na magogo vikashuka hadi Katesh, makao makuu ya Wilaya ya Hanang, na vijiji vya jirani kikiwamo Gendabi. Watu 89 walipoteza maisha. Nyumba na maduka vilifukiwa, na barabara za mji zikajaa tope.

Mbele ya msiba wa namna hiyo, habari za seva ni jambo dogo. Hata hivyo, aliyenusurika na nguo za mwilini tu hana budi kuanza safari za ofisini mapema: cheti cha kuzaliwa cha mtoto kimekwenda na maji, kadi ya kliniki haipo, karatasi za kiwanja hazipo. Kila anakopita anaambiwa, "Subiri tuangalie kwenye mfumo." Je, mfumo wenyewe uko wapi? Kama umo ndani ya kasha moja la chuma, katika chumba kimoja, kwenye mji uleule uliopigwa na tope, basi ofisi haina tofauti na mama aliyehifadhi vyeti vyake chini ya godoro.

Mifumo mikubwa ya serikali ina makazi ya mbali, kama Kituo cha Taifa cha Kuhifadhi Data kilichopo Kijitonyama, Dar es Salaam. Tatizo ni kwamba si kila huduma inaweza kusubiri mtandao urudi. Chukua Haydom, wilayani Mbulu. Hospitali ya Kilutheri iliyofunguliwa hapo mwaka 1955, mali ya KKKT Dayosisi ya Mbulu, inapokea wagonjwa kutoka Mbulu, Hanang na hata ng'ambo ya mpaka wa mkoa upande wa Singida. Kwa hospitali ya ukubwa huo, mgonjwa anayeletwa saa nane usiku anataka faili lake lionekane sasa hivi, mkongo uwe mzima au umekatwa na greda huko njiani. Kwa hiyo seva ya hapohapo haiepukiki. Swali ni jinsi ya kuifanya isiwe roho moja inayokata mara moja.

Hapo ndipo inapoingia haipavaiza, programu inayogawa kompyuta moja kuwa kompyuta kadhaa. Usajili wa wagonjwa unapata mashine yake, maabara nayo inapata yake, na vivyo hivyo duka la dawa na uhasibu. Zote ni mashine pepe, zote zimo ndani ya kasha moja. Mashine pepe moja ikiugua, nyingine zinaendelea na kazi. Zamani kila mfumo ulidai kasha lake, na makasha hayo yalikesha yakila umeme bila kazi ya maana. Kwa anayejua bili ya TANESCO na bei ya betri za UPS, hoja hiyo peke yake inatosha.

Kazi ya haipavaiza, kwa lugha ya wazi, ni kudanganya kwa nia njema. Windows au Linux imeandikwa ikiamini kwamba kompyuta yote ni mali yake. Ikitaka kutoa amri ambayo mwenye mamlaka kamili tu ndiye anayeruhusiwa kuitoa, kwa mfano kubadili mpangilio wa kumbukumbu au kugusa kifaa moja kwa moja, prosesa inaikatiza na kumkabidhi haipavaiza usukani. Haipavaiza inafanya lile lililo salama, inarudisha jibu, na mfumo ulio ndani hautambui kwamba kuna mtu kati. Jambo hili hutokea mara nyingi mno kila sekunde, na ufundi wote uko katika kulifanya haraka.

Wazo si jipya. IBM walikuwa wakigawa kompyuta zao kubwa hivyo tangu miaka ya 1960, na mwaka 1974 Gerald Popek na Robert Goldberg waliandika masharti ambayo prosesa lazima iyatimize ili udanganyifu huo ufanikiwe. Prosesa za Intel zilizotawala ofisi zetu hazikuyatimiza: baadhi ya amri, zikitolewa na asiye na mamlaka, hazikukatizwa, zilishindwa kimyakimya. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walitoa Xen, iliyoukwepa mtego huo kwa kuurekebisha mfumo wa ndani ujue kwamba unaishi kwa mwingine. Miaka miwili mitatu baadaye Intel na AMD wakaiweka dawa ndani ya prosesa zenyewe. Avi Kivity wa kampuni ya Qumranet, Israeli, akaitumia nafasi hiyo kuandika KVM, ambayo iliingizwa ndani ya Linux toleo 2.6.20, Februari 2007. Tangu hapo uwezo huo umo ndani ya Linux yenyewe, bure. Mwaka 2008 kampuni ya Proxmox ya Vienna, Austria, ikafunga KVM pamoja na zana za kuisimamia kwa kivinjari cha kawaida, ikaitoa kama programu huria. Anayeifungua anaandika anwani ya seva ikifuatiwa na 8006, na mashine pepe ya kwanza anayoiunda hupewa namba 100.

Proxmox ingeweza kubaki chombo cha mafundi wapenda Linux. Kilichoisukuma mbele ni biashara. Tarehe 22 Novemba 2023, siku 11 kabla ya Katesh, kampuni ya Broadcom ya Marekani ilikamilisha ununuzi wa VMware, jina kubwa kuliko yote katika fani hii, kwa zaidi ya dola bilioni 60. Mwezi uliofuata leseni za kununua mara moja zikafutwa. Kuanzia hapo ni kulipia kwa kipindi. Februari 2024 hata toleo la bure lililokuwa kimbilio la ofisi ndogo likaondolewa, na halikurudi hadi Aprili 2025. Taasisi zilizozoea kununua na kukaa nayo zikajikuta zina bili ya kudumu. Proxmox hawakuchelewa: mwanzoni mwa 2024 waliongeza zana inayounganisha moja kwa moja na seva ya VMware na kuzihamishia mashine zake upande wa pili, kazi ambayo kabla ya hapo ilimtaka fundi abadilishe mafaili kwa mkono na kuomba Mungu.

Kuhama kunasemwa sana. Kwa mtazamo wangu, maboresho yenye thamani zaidi kwa Mbulu na Hanang yako kwenye nakala rudufu, eneo ambalo matangazo hulipita haraka. Mashine pepe kwa haipavaiza ni mafaili tu: diski yake ni data, kumbukumbu yake ni data, mipangilio yake ni kurasa chache za maandishi. Ukiweza kunakili data hiyo, umenakili kompyuta nzima, pamoja na programu, nywila na mipangilio ambayo aliyeiweka alishahamishiwa Kigoma.

Ugumu ni njia. Tuchukue diski ya mashine pepe yenye gigabaiti 100, na laini inayopitisha megabiti 10 kwa sekunde. Kuituma yote kutoka Katesh hadi Babati ni saa 22, na laini yenyewe lazima isikatike. Hakuna ofisi itakayofanya hivyo kila usiku. Seva ya nakala rudufu ya Proxmox, ambayo toleo lake la kwanza kamili lilitoka Novemba 2020, inalikabili tatizo hilo kwa njia mbili. Kwanza, wakati mashine pepe ikifanya kazi, QEMU, programu mwenza wa KVM, inaweka alama kwenye kila sehemu ya diski iliyoandikwa upya tangu nakala ya mwisho. Pili, diski inakatwa vipande vya mebibaiti nne, kila kipande kinapigiwa hesabu ya SHA-256 na kupata alama yake ya kidole. Kipande ambacho alama yake tayari ipo upande wa pili hakitumwi tena. Kama siku nzima imebadilisha gigabaiti mbili, ndizo zinazosafiri, na kwa laini ileile ni chini ya nusu saa.

Kuna jambo ambalo fundi wa huku lazima alijue. Zile alama za QEMU zimo kwenye kumbukumbu, si kwenye diski. Umeme ukikatika na mashine ikazimika, zinapotea, na nakala inayofuata italazimika kuisoma diski yote upya ili kupiga hesabu. Vitakavyotumwa bado ni vipande vipya tu, ila diski itahema kwa muda. Usishangae mfumo ukiwa mzito usiku wa baada ya umeme kukatika.

Boresho ninaloliona limeandikwa kana kwamba kwa ajili yetu lilikuja na toleo 8.2 la Proxmox yenyewe, Aprili 2024. Wakati nakala inachukuliwa, mashine pepe haisimami. Watu wanaendelea kuandika. Ikitokea mhudumu wa maabara anaandika juu ya kipande ambacho bado hakijanakiliwa, kipande cha zamani lazima kiokolewe kwanza, la sivyo nakala itakuwa na mchanganyiko wa jana na leo. Hapo awali kuokolewa kulimaanisha kutumwa hadi seva ya mbali, na mashine ilisubiri mpaka kifike. Kwenye kituo cha data cha Frankfurt kusubiri huko hakuonekani. Kwenye laini ya polepole, mhudumu anabonyeza kitufe na skrini inaganda, kisha anasema mfumo umekufa. Tangu 8.2, kipande cha zamani kinaweza kuwekwa kwanza kwenye diski ya hapohapo, kazi ikaendelea, nacho kikasafiri baadaye kwa mwendo wake. Uamuzi huo mdogo wa kihandisi ndio unaofanya nakala ya masafa marefu iwezekane bila kuwasumbua walio kaunta.

Kuhusu kuhamisha mashine ikiwa hai, nitasema kwa ufupi kwa sababu watu huitarajia kupita kiasi. Kumbukumbu ya mashine inanakiliwa kwa awamu kwenda seva ya pili, kila awamu ikichukua yaliyobadilika tu, hadi yabaki machache. Ndipo mashine inasimamishwa kidogo na kuamkia upande wa pili. Watafiti wa Xen waliandika mwaka 2005 kwamba waliihamisha seva ya mchezo wa Quake 3 wachezaji wakiwa mchezoni, na kusimama kwake kulikuwa milisekunde 60. Ni ajabu nzuri, na inafaa sana unapotaka kubadilisha betri au feni mchana kweupe. Lakini inataka seva mbili zilizo jirani na waya wa kasi. Usitegemee kuikimbiza mashine hai kutoka Katesh huku mlima unashuka.

Hizo seva mbili nazo zina mtego wa kura. Katika kundi la seva za Proxmox kila moja ina kura, na kundi halifanyi maamuzi bila wingi wa kura, ili zisije zote mbili zikadai kuendesha mashine ileile na kuharibu data. Zikiwa mbili na moja ikazimika, iliyobaki ina kura moja kati ya mbili, si wingi. Haikubali kuziwasha mashine za mwenzake, ingawa yenyewe ni nzima kabisa. Tiba ni kura ya tatu kutoka kikompyuta kidogo cha aina ya Raspberry Pi kinachopachikwa ukutani. Ofisi nyingi hununua seva mbili za gharama kubwa na kukiacha hicho.

Usalama nao usichukuliwe kwa wepesi. Mwaka 2015 iligunduliwa kasoro iliyopewa jina la VENOM, iliyomwezesha aliye ndani ya mashine pepe kuvunja ukuta na kuingia kwenye haipavaiza. Ilikuwa imejificha kwenye sehemu ya QEMU inayoigiza kiendeshi cha diski laini, zile ambazo vijana hawajawahi kuzishika, na ilikuwa humo tangu 2004. Programu huria inarekebishwa haraka, ila marekebisho hayamfikii asiyeyapakua. Toleo 9.0 la Proxmox lilitoka Agosti 2025 likikaa juu ya Debian 13. Anayeendesha toleo 6 kwa sababu "linafanya kazi" anaendesha kitu kisichotengenezwa tena.

Na taarifa za wagonjwa hazisafiri uchi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika 1 Mei 2023, na inamtaka anayehifadhi taarifa za watu azilinde. Proxmox inaweza kufunga kila kipande kwa fumbo kabla hakijaondoka chumbani, hata mwenye seva ya mbali asisome kitu. Ila ufunguo wa fumbo usipotolewa hubaki kwenye seva ileile inayolindwa. Seva ikifukiwa, nakala zote zilizoko Babati zinageuka takataka zisizofunguka milele. Waundaji wamelifikiria hilo: kuna amri inayochapisha ufunguo kwenye karatasi, kwa maandishi na kwa mraba wa kuskani.

Basi, ndugu ofisa TEHAMA wa Mbulu au Hanang, kabla ya kuomba fedha za seva mpya, chapisha karatasi hiyo leo, itie kwenye bahasha, ipeleke ikakae kwenye sefu nje ya wilaya yako. Kisha chukua nakala rudufu ya juzi, iamshe kwenye kompyuta nyingine, na umwite mtu wa masjala aangalie kama majina yamo.