Jiwe Linalohesabu Sekunde

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya matatu: kwatsi, tanuri, kulinganisha. Haya. Sasa wekeni kalamu chini, msikilize.

Leo tutazungumza juu ya kazi ambayo watu wengine katika Uingereza, Marekani na nchi nyingine huifanya nyumbani jioni. Si kazi ya kuwapa mshahara, bali ya kuufurahisha moyo. Watu hao hutafuta mitambo ya zamani ya kupimia wakati, iliyoondolewa katika viwanda na maabara, wakaitengeneza mpaka ifanye kazi tena. Mtambo wa namna hiyo huitwa osileta ya kwatsi.

Kwatsi ni nini? Ni jiwe gumu, na lililo safi hung'aa kama kioo. Mwaka 1880 ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques Curie na Pierre Curie, waligundua ya kuwa jiwe hili likibanwa hutoa umeme kidogo. Baadaye ikajulikana kwamba likitiwa umeme, lenyewe hubadili umbo lake kidogo sana. Basi ukilikata bapa jembamba, ukalitia umeme kwa njia ifaayo, hutikisika kama kengele iliyopigwa. Kengele kubwa ina sauti yake, na ndogo ina sauti yake. Kadhalika kila bapa la kwatsi lina mwendo wake, wala haliuachi kwa urahisi.

Mwaka 1927 Warren Marrison na mwenzake J. W. Horton, katika maabara ya Bell huko New York, walitengeneza saa ya kwanza iliyoongozwa na jiwe hili. Hata leo saa nyingi za mkononi zina kipande cha kwatsi kinachotikisika mara 32,768 kwa sekunde moja. Mbona hesabu hiyo? Chukueni daftari zenu. Gawanyeni 32,768 kwa 2, kisha jibu lake kwa 2, na tena kwa 2. Mkifanya hivyo mara 15 mtapata 1. Ndivyo saa inavyoipata sekunde moja.

Pengine utauliza, “Mimi yanihusu nini?” Yanakuhusu. Redio unayoisikiliza huipata stesheni mahali pale pale kila siku. Kama mtambo wa kurusha matangazo usingekuwa na kitu cha kuushika katika mwendo mmoja, stesheni zingeingiliana, nawe usingesikia ila makelele.

Lakini kwatsi ina adui, naye ni joto linalobadilika. Joto likipanda au likishuka, mwendo wa jiwe hubadilika kidogo. Kwa hiyo mafundi huliweka jiwe ndani ya tanuri dogo la umeme, lililofunikwa vizuri. Mara nyingi joto lake ni kati ya nyuzi 70 na 85 za Selsiasi, nalo halibadiliki usiku wala mchana, ijapokuwa nje kuna baridi au jua kali.

Sasa tuseme umepata mtambo mmoja wa zamani. Utafanya nini?

Kwanza, usiutie umeme. Utazame. Chora kila waya inapoanzia na inapoishia. Mitambo ya kale yenye taa za redio hutumia umeme mkali sana, wa volti 200 au 300. Umeme huo waweza kubaki ndani ya kapasita hata baada ya waya kuchomolewa ukutani, na waweza kumwua mtu. Mwanafunzi asishike kitu mpaka fundi aliyesoma kazi hiyo ahakikishe kwamba umeme umekwisha. Na swichi nyingine za joto za zamani zina zebaki. Ikivunjika, usiishike kwa mkono, wala usivute mvuke wake.

Pili, jaribu tanuri peke yake, ukipima umeme linaokula. Tanuri likiwa baridi hula umeme mwingi. Likipata moto, hula kidogo. Likiendelea kula mwingi bila kupunguza, ujue swichi ya joto imeharibika, nawe uzime upesi. Lisipokula hata kidogo, pengine fyuzi imekatika.

Tatu, badilisha kile kilichokufa tu. Mara nyingi ni kapasita, kwa maana zimekaa katika joto miaka mingi mpaka zikakauka.

Nne, na hili ndilo kubwa: usifungue kopo la jiwe lenyewe. Wengi hushikwa na hamu ya kuliona. Hewa na vumbi vikiingia humo, mwendo wa jiwe huharibika, wala huwezi kuurudisha nyumbani. Jiwe jipya hubadilika mwendo kila siku, halafu hutulia pole pole, mwaka baada ya mwaka. Jiwe lililotulia miaka 40 ni mali ambayo fedha haiwezi kuiharakisha. Mtu mwenye pupa huipoteza kwa dakika moja.

Ukimaliza, washa mtambo, uuache. Usiuguse leo wala kesho. Jiwe lililozimwa muda mrefu huweza kuhitaji majuma kadhaa kabla ya kutulia tena.

Baada ya hapo ndipo kulinganisha. Saa isiyolinganishwa haiwezi kujua kosa lake. Huko Marekani kiko kituo kiitwacho WWV, kinachorusha mawimbi yanayotikisika mara 10,000,000 kwa sekunde. Fundi huyachanganya na mawimbi ya osileta yake katika redio. Yakitofautiana kidogo, sauti hupanda na kushuka, hupanda na kushuka. Ikipanda na kushuka mara 1 kwa sekunde, kosa ni 1 katika 10,000,000. Yaani saa ya namna hiyo itapotea sekunde 1 katika siku 115 hivi. Fundi huzungusha skrubu ndogo, kidogo sana, na sauti huenda polepole zaidi. Lakini mawimbi hayo husukwasukwa yakipita juu angani. Kwa hiyo siku hizi wapendao usahihi mkubwa hulinganisha na satelaiti zilizobeba saa za atomu.

Je, ni kwa nini mtu ahangaike hivyo, na saa za bei rahisi zimejaa madukani? Kwa sababu kitu kilichotengenezwa kwa uangalifu hakiwi takataka kwa kuwa kizee tu. Pia kazi hii humfundisha mtu kupima kabla ya kusema, na kungoja kabla ya kugusa.

Sasa jibuni maswali haya pamoja na mwalimu wenu:

1. Adui wa kwatsi ni nani, na mafundi humzuiaje?
2. Kwa nini usifungue kopo la jiwe?
3. Siku moja ina saa 24. Ina sekunde ngapi?

Mtakapopata 86,400, mtakuwa mmejibu sawasawa swali la tatu. Kwaherini, mpaka somo lijalo.