Lipu Mpya Juu ya Rangi ya Zamani: Kazi Kubwa ni ya Kutayarisha Ukuta

Nyumba ya mawe iliyojengwa miaka sitini au sabini iliyopita huwa na historia yake ukutani. Mara nyingi rangi ya kwanza ilikuwa chokaa. Juu yake ikapakwa rangi ya maji. Kisha, mwenye nyumba alipopata nafasi, akapaka rangi ya mafuta yenye kung'aa, ya buluu au ya kijani, tangu sakafuni mpaka kimo cha bega. Sasa kuta hizo zina nyufa na madoa, na mwenyewe ataka zipigwe lipu nyembamba ya juu, ile ambayo mafundi huiita skimu, ili ziwe laini kama ganda la yai.

Kupiga lipu hiyo ni kazi ya siku chache. Unene wake ni milimita 2 au 3 tu, na fundi mwenye mkono mzuri humaliza chumba upesi. Lakini si mara chache, mvua za masika zijapo, lipu hufura kama lengelenge, kisha huanguka vipande vipande. Mwenye nyumba humlaumu fundi, na fundi huulaumu mfuko wa lipu. Yafaa mtu aokote kipande kimoja na kukigeuza. Aghalabu ataona nyuma yake rangi ile ile ya buluu ya zamani. Basi lipu mpya haikuachia. Hata sasa yaishika rangi. Iliyoachia ukuta ni rangi. Fundisho lote la kazi hii limo katika kipande hicho: tabaka jipya haliwezi kuwa imara kuliko kile linachokishika.

MAJI YATANGULIE KUTAFUTWA

Jambo la kwanza ni kuuliza kama ukuta una unyevu, na unyevu huo watoka wapi. Huenda bati limetoboka, au mfereji wa paa umeziba, au udongo wa nje umerundikana ukutani kupita kimo cha sakafu. Dalili yake ni rangi iliyovimba, harufu ya ukungu, na unga mweupe utokao ukutani kama chumvi. Kweli ni chumvi: maji huiyeyusha ndani ya mawe, huileta juu, na yakaukapo huiacha hapo. Unga huo uondolewe kwa brashi kavu, wala usioshwe, kwa maana maji huirudisha chumvi ndani.

Kuziba doa la unyevu kwa lipu bila kuondoa chanzo chake ni kutupa fedha. Tengeneza paa, ondoa udongo, kisha ngoja ukuta ukauke, hata ikiwa ni kwa miezi kadhaa. Lipu ya jasi hasa haipatani kabisa na ukuta wenye maji.

KUIJARIBU LIPU NA RANGI

Ukuta ukiwa mkavu, ugongwe polepole kwa mpini wa mwiko, shubiri kwa shubiri. Penye lipu iliyoshika husikika sauti nzito. Penye lipu iliyoachana na jiwe husikika sauti ya debe tupu. Kila mahali palipo patupu pazungushiwe alama ya chaki, na lipu hiyo ibomolewe kwa nyundo na tindo mpaka ifike lipu iliyo imara.

Baada ya lipu, rangi nayo ijaribiwe. Fundi akwaruze mistari michache yenye kupandana kwa ncha ya kisu, abandike utepe wa gundi juu yake, kisha auvute ghafula. Rangi ikitoka pamoja na utepe, haifai kubeba kitu. Halafu apitishe kiganja chenye maji juu ya ukuta: kikitoka cheupe kama cha mwalimu wa shule, hiyo ni chokaa au rangi ya unga, na hapana budi isuguliwe yote kwa brashi na maji ya uvuguvugu. Hakuna lipu wala gundi itakayoshika juu ya unga.

Mwisho, arushe matone ya maji. Yakinywewa mara moja, ukuta una kiu nao utainyang'anya lipu mpya maji yake kabla haijashika. Yakitiririka kama juu ya jani la mgomba, rangi ni ya mafuta, na lipu haitapata mahali pa kushika.

VUMBI LENYE SUMU

Hapa pana jambo kubwa kuliko fedha. Rangi nyingi za mafuta za zamani zilichanganywa na madini ya risasi. Mwaka 1921 Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha mkataba juu ya kuzuia rangi nyeupe ya risasi ndani ya majengo, na mwaka 1978 Marekani ilipiga marufuku rangi ya risasi katika nyumba za watu; lakini katika nchi nyingi rangi kama hizo ziliendelea kuuzwa miaka mingi baadaye. Shirika la Afya Duniani lasema hakuna kiasi cha risasi mwilini kijulikanacho kuwa salama. Huharibu ubongo wa mtoto mdogo, na mtoto huipata kwa urahisi, maana hutambaa sakafuni na kutia vidole kinywani.

Kwa hiyo rangi ya zamani isiyojulikana ihesabiwe kuwa na risasi. Isisuguliwe kwa msasa mkavu, wala isichomwe moto. Ilowanishwe kwanza, kisha ile iliyolegea tu ndiyo ikwanguliwe. Watoto na mama wajawazito wakae mbali na chumba mpaka kazi iishe. Vyombo vitolewe nje, sakafu ifunikwe kwa turubai, na fundi avae kifuniko cha pua na mdomo kilicho imara, si kitambaa kitupu. Mabaki yasifagiliwe makavu. Yafutwe kwa matambara yenye maji, yafungwe ndani ya mfuko, wala yasitupwe shambani wala karibu na kisima. Fundi naye abadili nguo kabla ya kumpakata mtoto wake.

KUOSHA NA KUZIBA

Ukuta wa jikoni huwa na masizi ya makaa na ya taa ya mafuta, pamoja na mvuke wa mafuta ya kupikia. Uoshwe kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, kisha usuuzwe mara mbili kwa maji safi, kwa kuwa sabuni iliyobaki hudhuru kama mafuta yenyewe. Penye kuvu patiwe maji ya klorini ya kufulia nguo nyeupe, yaliyopunguzwa kwa maji. Lakini dawa hiyo isichanganywe kamwe na siki, asidi wala dawa nyingine ya kusafishia, kwani hutoa hewa ya sumu.

Nyufa si za namna moja. Ufa mwembamba kama unywele ni wa lipu tu. Ufa mrefu uendao kwa mshazari kutoka pembe ya dirisha waweza kuwa wa nyumba yenyewe, hasa penye udongo mweusi unaofura wakati wa mvua na kusinyaa wakati wa kiangazi, kama ulivyo katika sehemu nyingi za Nairobi na mbuga za Athi. Mwenye nyumba aandike tarehe kwa penseli kwenye ncha zake na kutazama baada ya miezi michache. Ukizidi, amwite mtu ajuaye misingi.

Ufa uliotulia upanuliwe kidogo kwa tindo ili mdomo wake uwe mpana, utolewe vumbi, ulowanishwe, ujazwe, kisha utiwe utepe wa wavu. Shimo kubwa lijazwe kwa lipu ya namna ile ile iliyomo ukutani, tabaka kwa tabaka, na kila tabaka likauke kabla ya jingine.

NYUMBA ZA PWANI

Katika Lamu, ambayo iliingizwa mwaka 2001 katika orodha ya Urithi wa Dunia, na katika Mji wa Kale wa Mombasa, nyumba nyingi ni za mawe ya matumbawe na lipu ya chokaa. Kuta hizo hupitisha mvuke. Zikifunikwa kwa saruji ngumu au rangi ya mafuta, unyevu hukosa njia, na chumvi huivunja lipu kutoka ndani. Huko dawa ni kuiondoa rangi ya mafuta na kurudi kwenye chokaa.

KABLA YA MWIKO KUPITA

Rangi ya mafuta iliyo imara yaweza kubaki, ila ipakwe praima iliyotengenezwa kwa kushika mahali palaini. Ukuta wenye kiu na upakwe praima yake, au ulowanishwe ikiwa lipu ni ya saruji. Maagizo yaliyo juu ya mfuko yafuatwe, kwa kuwa jasi na saruji hazitaki jambo moja.

Kisha kipigwe kipande cha majaribio, mita moja kwa mita moja, mahali pabaya kuliko pote. Baada ya juma moja kigongwe. Kikilia kama debe, hasara ni ya karai moja tu.

Ni heri pia mwenye nyumba apatane na fundi malipo mawili, moja la kutayarisha na jingine la kupiga lipu, naye aje kuugonga ukuta mwenyewe kati ya kazi hizo mbili. Ndiyo siku ya pekee atakayoweza kuiona kazi aliyoilipia. Lipu ikishapita, kuta zote huwa nyeupe, iliyotayarishwa na isiyotayarishwa, mpaka masika yaje kuzitenga.